Uchaguzi wa katikati ya muhula Marekani: kipimo kipi kinamsema rais?

Siku chache kabla ya uchaguzi wa Novemba 2018, shirika la kura za maoni la Gallup lilimpa Donald Trump kiwango cha kukubalika cha asilimia 40. Oktoba 2022 Joe Biden naye alikuwa na asilimia 40. Chama cha Trump kilipoteza viti takribani 40 vya Baraza la Wawakilishi. Cha Biden kilipoteza 9. Basi mtu akikuambia kwamba uchaguzi huu ni kura ya kumpima rais, muulize kwanza anatumia mizani ipi. Nguo haipimwi kwa kibaba, wala mchele kwa futi.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya ziada ya kuuliza, maana kwetu uchaguzi wa namna hii haupo. Mkenya hupewa karatasi sita siku moja, kuanzia ya rais hadi ya mwakilishi wa wadi. Mtanzania naye humchagua rais, mbunge na diwani siku moja. Kinachokaribia kwetu ni uchaguzi mdogo, pale mbunge anapofariki au kuvuliwa kiti. Marekani kila baada ya miaka miwili, Jumanne inayofuata Jumatatu ya kwanza ya Novemba, viti vyote 435 vya Baraza la Wawakilishi hugombewa, pamoja na takribani theluthi moja ya viti 100 vya Seneti. Mwaka huo ukiangukia katikati ya muhula wa rais, majimbo 36 huchagua pia magavana. Rais mwenyewe hayumo kwenye karatasi.

Tangu Vita vya Pili vya Dunia viishe, chama cha rais kimeongeza viti vya Baraza katika uchaguzi huo mara mbili tu, 1998 na 2002. Kwa hiyo "chama cha rais chapoteza viti" si habari. Habari ni kimepoteza vingapi, kutoka wapi, na kwa sababu ipi.

(Katika makala haya "jimbo" ni kama Georgia au Texas, na "eneo bunge" ni eneo linalomchagua mjumbe mmoja wa Baraza la Wawakilishi.)

| Mwaka, rais | Kukubalika (Gallup, %) | Kura za Baraza nchi nzima, chama cha rais dhidi ya kingine (pointi za asilimia) | Viti vya Baraza | Viti vya Seneti |
|---|---|---|---|---|
| 1994, Clinton | 46 | −7 | −54 | −8 |
| 1998, Clinton | 66 | −1 | +5 | 0 |
| 2002, Bush | 63 | +5 | +8 | +2 |
| 2006, Bush | 38 | −8 | −30 | −6 |
| 2010, Obama | 45 | −7 | −63 | −6 |
| 2014, Obama | 44 | −6 | −13 | −9 |
| 2018, Trump | 40 | −9 | −40 | +2 |
| 2022, Biden | 40 | −3 | −9 | +1 |

Ukikuta mahali pengine 1994 imeandikwa 52, au 2006 imeandikwa 31, usidhani kuna aliyedanganya. Wako wanaolinganisha na matokeo ya uchaguzi uliotangulia, na wako wanaolinganisha na hali ya siku ya mwisho kabla ya kura, baada ya chaguzi ndogo na wajumbe waliohama chama. Tofauti huwa kiti kimoja, viwili au vitatu. Chagua hesabu moja na uishike hiyohiyo kwa miaka yote unayolinganisha.

Kiwango cha kukubalika kwa rais

Faida yake kubwa ni kwamba unakipata kabla ya kura. Kwa chaguzi za kuanzia 1946 hadi 2014, Gallup ilikokotoa kwamba rais aliye chini ya asilimia 50 chama chake kilipoteza wastani wa viti 37 vya Baraza, na aliye juu ya 50 kilipoteza 14. Kwa mwelekeo wa jumla hicho ni kipimo kizuri. Tazama jedwali: marais wawili walioongeza viti walikuwa na 66 na 63.

Kasoro yake ni kwamba wastani huo unameza tofauti kubwa mno. Obama alikuwa na 45 mwaka 2010 na 44 mwaka 2014, lakini mara ya kwanza alipoteza 63 na mara ya pili 13. Tena asiyeridhika na rais si lazima ampe kura mpinzani. Mwaka 2022, katika mahojiano na wapigakura waliotoka vituoni, wale waliosema hawaridhiki "kiasi" na Biden waligawanyika karibu nusu kwa nusu, chama chake kikiongoza kwa uchache. Miezi michache nyuma, tarehe 24 Juni, Mahakama ya Juu ilikuwa imefuta haki ya kikatiba ya kutoa mimba, na kwa wapigakura wengi hilo ndilo lililokuwa mezani, hata kama mfumuko wa bei ulifika asilimia 9.1 mwezi huohuo. Unapotumia kipimo hiki, basi, usitazame jumla pekee. Tafuta mgawanyo wa "siridhiki kabisa" na "siridhiki kiasi". La kwanza hutabiri kura. La pili hunung'unika tu.

Viti vya Baraza la Wawakilishi

Magazeti hukimbilia hapa, na hapa ndipo wengi huteleza. Idadi ya viti vilivyopotea hutegemea kwanza viti ambavyo chama kilikuwa navyo visivyo vyake kwa asili. Mwaka 2008 Obama aliingia na wimbi lililowabeba Wademokrati wengi kwenye maeneo yenye wapigakura wa kihafidhina, wakazidi wajumbe 250. Wimbi lilipokupwa 2010, walibaki juu ya mchanga. Mwaka 2014 hapakuwa na wengi wa kung'olewa, walikwishaondoka. Ndiyo maana pointi karibu sawa za kura, −7 na −6, zilizaa −63 na −13.

Linganisha sasa 2018 na 2022 kwa jicho hilo. Warepublikan wa Trump walianza na wajumbe 241 waliochaguliwa 2016, na zaidi ya 20 kati yao walitoka maeneo bunge aliyoshinda Hillary Clinton. Wademokrati wa Biden walianza na 222, na waliotoka maeneo aliyoshinda Trump hawakufika 10. Hata kama hasira za wapigakura zingekuwa sawa, matokeo ya viti yasingekuwa sawa.

Jambo la pili ni mipaka. Mwaka 2010 Warepublikan waliteka pia zaidi ya viti 600 vya mabunge ya majimbo, na mwaka uliofuata mabunge hayo ndiyo yaliyochora maeneo bunge mapya baada ya sensa. Mwaka 2012 Wademokrati walipata kura takribani milioni 1.4 zaidi ya wenzao katika chaguzi za Baraza, wakatoka na viti 201 dhidi ya 234. Kiti ni kura iliyopita kwenye chujio la ramani, na chujio hubadilishwa. Kwa uchaguzi wa tarehe 3 Novemba 2026 limebadilishwa katikati ya muongo, bila kungoja sensa: Texas ilichora upya 2025 kwa lengo la kuwapa Warepublikan viti vitano zaidi, na wapigakura wa California wakaidhinisha Novemba mwaka huohuo ramani inayolenga kuwapa Wademokrati vitano. Kwa hiyo hesabu ya viti ya 2026 usiiweke kando ya 2018 bila kwanza kuondoa viti vilivyohamishwa na kalamu ya mchoraji.

Na viti vingi havisemi lolote juu ya rais. Mwaka 2018 Minneapolis ilimchagua Ilhan Omar, aliyeishi utotoni kambi ya wakimbizi ya Utange karibu na Mombasa. Ulikuwa ushindi wa kihistoria, lakini kama ushahidi dhidi ya Trump haukuwa na uzito, kwa kuwa kiti hicho kilikuwa cha Wademokrati tangu zamani na kingebaki chao hata Trump angekuwa na asilimia 60. Ukitaka kumpima rais kwa viti, orodhesha tu maeneo bunge ambayo yeye au mpinzani wake alishinda kwa chini ya pointi tano hadi saba, kisha utazame hayo yamekwenda wapi.

Kura za Baraza nchi nzima

Kama ungeniruhusu kipimo kimoja tu cha hukumu juu ya rais, ningechukua hiki: jumla ya kura zote walizopata wagombea wa Baraza wa kila chama, na tofauti kati yao. Ramani haikigusi, wala idadi ya viti vya kupoteza. Kwa mizani hii 2018 ilikuwa kali kuliko 2010 (karibu pointi 9 dhidi ya 7) ingawa viti vilivyopotea vilikuwa vichache zaidi. Na 2022, ambayo wengi waliiita ushindi wa Biden, ilikuwa kushindwa kwa karibu pointi 3. Kidogo kwa desturi, lakini kushindwa.

Kina makosa yanayohitaji kurekebishwa. Kuna maeneo bunge ambayo chama kimoja hakisimamishi mgombea. Kura za chama hicho pale huhesabiwa sifuri, ingawa wafuasi wapo. California humpeleka fainali yeyote aliyeshika nafasi mbili za kwanza katika mchujo, hata wakiwa wa chama kimoja. Ukiona vyombo viwili vinatofautiana kwa pointi moja, mara nyingi kimoja kimeyasahihisha hayo na kingine hakikusahihisha. Kosa kubwa zaidi ni haraka: jumla hii haijakamilika hadi wiki kadhaa baada ya kura.

Kabla ya uchaguzi kuna mbadala wake, swali la kura za maoni linalouliza ungechagua mgombea wa chama gani katika eneo lako, bila kutaja majina. Chukua wastani wa kura nyingi za maoni, usishike moja. Angalia pia kama waliohojiwa ni watu wazima wote, waliojiandikisha, au wanaotarajiwa kupiga kura, kwani tofauti ya makundi hayo inaweza kufika pointi kadhaa. Uchaguzi wa katikati una wapigakura wachache kuliko wa rais: mwaka 2014 walijitokeza takribani asilimia 36 ya wenye haki ya kupiga kura, mwaka 2018 takribani 50. Walioridhika hukaa nyumbani, waliokasirika hupanga foleni.

Seneti

Kwa kumpima rais, Seneti ni mizani mbovu. Kwa kupima atakachoweza kufanya baadaye, haina mfano.

Ubovu wake unatokana na muhula wa miaka sita. Viti vinavyogombewa mwaka fulani ndivyo vilivyojazwa miaka sita nyuma, na orodha ya majimbo ni bahati nasibu. Mwaka 1986 Ronald Reagan alikuwa na asilimia 63, na Baraza chama chake kikapoteza viti 5 tu. Seneti kilipoteza 8, na wingi ukaondoka, kwa sababu kundi hilo lilichaguliwa 1980 kwa kubebwa na ushindi wake mwenyewe na sasa lilisimama bila yeye. Mwaka 2018 mambo yalikuwa kinyume: Wademokrati walitetea viti 26 kati ya 35, kumi vikiwa kwenye majimbo aliyoshinda Trump. Wakapoteza Indiana, Missouri, North Dakota na Florida, wakachukua Nevada na Arizona. Anayesema seneti ya 2018 "ilimuunga mkono Trump" anasoma ramani akidhani anasoma kura. Na usijaribu kujumlisha kura za Seneti: mwaka huo California ilikuwa na Wademokrati wawili fainali, kwa hiyo jimbo lenye watu wengi kuliko yote halikuwa na hata kura moja ya Seneti kwa Republican.

Halafu kuna mgombea mwenyewe. Mwaka 2022 Georgia ilimrudisha gavana wa Republican kwa nafasi nzuri, lakini mgombea wa Seneti wa chama hichohicho, Herschel Walker, akashindwa na Raphael Warnock katika marudio ya tarehe 6 Desemba. Wapigakura ni walewale na rais ni yuleyule.

Ila kwa madaraka, Seneti huidhinisha mawaziri na majaji. Obama alipoipoteza 2014, mteule wake wa Mahakama ya Juu wa 2016, Merrick Garland, hakupewa hata kikao. Trump alipoongeza viti viwili 2018, mteule wake wa mahakama hiyohiyo, Amy Coney Barrett, akapita Oktoba 2020 kwa kura 52 kwa 48. Kwa 2026 viti 35 vinagombewa, 22 vya Warepublikan na 13 vya Wademokrati. Inasikika kama hatari kubwa kwa Trump, mpaka utazame orodha: ni kimoja tu cha Warepublikan, Maine, kilicho kwenye jimbo aliloshinda Kamala Harris, mpinzani wake wa 2024. Kutoka 47, Wademokrati wanahitaji nyongeza ya vinne, kwa kuwa 50 kwa 50 huamuliwa na makamu wa rais.

Magavana na chaguzi ndogo

Magavana waache. Mwaka 2018, wimbi likimwangukia Trump, Warepublikan Larry Hogan wa Maryland na Charlie Baker wa Massachusetts walichaguliwa tena kwenye ngome za Wademokrati, huku Kansas ya kihafidhina ikimpa Laura Kelly, Mdemokrati. Watu huchagua gavana kwa barabara, shule na kodi.

Virginia ni tofauti na majimbo mengi, kwa kuwa huchagua gavana mwaka mmoja baada ya rais. Tangu 1977 chama cha rais kimeshinda pale mara moja tu, 2013. Kwa kuwa hushindwa karibu kila mara, kushindwa kwenyewe hakuelezi ukubwa wa kipigo kinachokuja: 2009 kulifuatwa na −63, 2021 kulifuatwa na −9.

Chaguzi ndogo za Kongresi zinafaa kwa sharti mbili. Tumia wastani wa nyingi, na linganisha kila moja na matokeo ya urais ya eneo hilohilo. Usitazame nani ameshinda tu. Mdemokrati Conor Lamb aliposhinda eneo bunge moja la Pennsylvania Machi 2018, dalili ilikuwa kwamba Trump alishinda pale kwa takribani pointi 20 miaka miwili nyuma. Tatizo la siku hizi ni kwamba wapigakura wenye elimu ya juu, wanaojitokeza hata mvua inyeshe, wameelemea kwa Wademokrati. Chama hicho kilifanya vizuri katika chaguzi ndogo za 2023 na mwanzoni mwa 2024, kisha kikapoteza urais mwaka huohuo wa 2024.

Uchague kipi

Ukitaka kujua wananchi wanamwonaje rais, subiri kura za Baraza nchi nzima. Kabla ya hapo tumia kukubalika pamoja na wastani wa swali la vyama. Ukitaka kujua rais ataweza nini miaka miwili ijayo, hesabu viti, na hapo kiti kimoja juu ya 217 kina thamani kuliko vingine ishirini. Mwenye 218, yaani zaidi ya nusu ya 435, anateua wenyeviti wa kamati, anatoa hati za kuita mashahidi, anaamua muswada upi uingie ukumbini. Baada ya 2018 Baraza lilimfungulia Trump mashtaka mara mbili, Desemba 2019 na Januari 2021. Seneti yenye nguvu ya kumtia hatiani haikufanya hivyo. Uchaguzi wa 2024 ulimalizika 220 kwa 215, kwa hiyo Wademokrati wanahitaji vitatu tu. Wakati huohuo, kwa mipaka ya 2024, Warepublikan waliotoka maeneo bunge aliyoshinda Harris ni watatu, na Wademokrati kwenye maeneo aliyoshinda Trump ni 13. Hasara ndogo ya viti inaweza kuficha hukumu kali, na ikatosha bado kumnyang'anya rais Baraza.

Ukitaka kutabiri kama rais atachaguliwa tena, usitumie kimojawapo. Truman alipigwa mweleka 1946 akashinda 1948. Reagan alipoteza viti 26 mwaka 1982, kisha akabeba majimbo 49 mwaka 1984. Clinton na Obama waliangushwa vibaya na wote wakarudi. George Bush baba alipoteza viti 8 tu 1990, na 1992 akaondoka. Biden alipita 2022 kwa mikwaruzo, na Julai 2024 akajitoa kwenye kinyang'anyiro. Nguvu ya kipigo cha katikati ya muhula na hatima ya rais miaka miwili baadaye hazina uhusiano wa kutegemea.

Usiku wa matokeo, kwa saa zetu

Novemba 2026 saa za New York zitakuwa nyuma ya Nairobi na Dar es Salaam kwa saa nane (Kigali, Bujumbura na Lubumbashi toa moja). Vituo vya kwanza, sehemu kubwa ya Indiana na Kentucky, hufungwa saa nane usiku. Georgia, Virginia na sehemu kubwa ya Florida saa tisa. Pennsylvania saa kumi alfajiri, California saa moja asubuhi.

Mtego wa kwanza ni Florida. Huhesabu haraka kwa sababu kura za posta hushughulikiwa mapema, na mwaka 2022 gavana Ron DeSantis alishinda kwa pointi 19 kabla majimbo mengine hayajasema kitu. Studio nyingi zikaanza kuona wimbi jekundu, yaani la Warepublikan. Saa chache baadaye Michigan na Pennsylvania zikaenda upande mwingine. Jimbo moja lisikupe picha ya nchi. Ngoja angalau matatu ya kanda tofauti.

Mtego wa pili ni Pennsylvania, ambako sheria hairuhusu kufungua kura za posta kabla ya asubuhi ya siku ya uchaguzi. Kura za vituoni hutangulia, za posta hufuata, na kwa miaka ya karibuni za posta zimekuwa za Wademokrati zaidi. Usitazame nani anaongoza; tazama asilimia ya kura zilizohesabiwa na aina ya zilizobaki.

Mtego wa tatu ni California. Mwaka 2022 ilipokea kura zilizogongwa muhuri wa posta siku ya uchaguzi hadi siku saba baadaye. Mwaka 2018 ushindi wa Wademokrati ulionekana wa wastani usiku ule, kisha viti vya Orange County, kusini mwa jimbo hilo, vikaangukia kwao kimoja kimoja kwa siku kadhaa. Mwaka 2022 kura zilipigwa tarehe 8 Novemba, na mshindi wa wingi wa Baraza akajulikana tarehe 16. Jumla ya kura nchi nzima huwa haijatulia hadi Desemba, vyombo vingi vikiwa vimeshaandika hukumu yao na kuendelea na mengine. Weka alama kwenye kalenda katikati ya Desemba, rudi kwenye jedwali, ujaze mstari wa 2026 kwa penseli mpaka siku hiyo.